Mekapu, tanki na miwani ya Kyaka

Jumanne jioni ukinipigia simu sipokei, we niandikie tu meseji. Mama kule Bombo anajua, bosi anajua, hata yule bodaboda wa steji yetu hapa Kireka anajua maana siku hiyo ananikuta nimevaa koti na ananiuliza leo ni ile kanisa yenu? Sio kanisa kaka, ni Rotaract, klabu ya vijana wa Rotary wanaojitolea kusaidia jamii. Kila wiki namweleza na kila wiki anauliza, nafikiri ananichokoza tu.

Sasa kwa vile hata ndugu zangu wanaamini nimejiunga na chama cha matajiri wanaokula sambusa hotelini, wacha niandike mara moja halafu nikiulizwa natuma linki. Sambusa zipo, sikatai. Na nyimbo zipo, na kuna mtu anaitwa sajenti kazi yake ni kukutoza faini, umechelewa faini, simu imelia faini, umenyoa vizuri kuliko rais wa klabu faini, pesa inaingia kwenye kikapu cha miradi. Rotary yenyewe ilianzia Chicago mwaka 1905, wakili mmoja Paul Harris na wenzake watatu, walikuwa wanakutana kwa zamu ofisi ya huyu leo, ya yule kesho, ndo jina la kuzunguka likatokea hapo. Kampala walifungua klabu 1957. Rotaract, yaani ya vijana, ilikuja 1968. Na kama unadhani ni mambo ya wazungu tu, mzee wetu Sam Owori, Mganda kabisa, mtu wa benki, alikuwa ameshachaguliwa kuwa rais wa Rotary dunia nzima kwa mwaka 2018 kuingia 2019, angekuwa Mwafrika wa pili baada ya Jonathan Majiyagbe wa Nigeria, ila akafariki Julai 2017 kabla hajakalia kiti. Ukimtaja klabuni mpaka leo watu wanashusha sauti.

Mimi niliingia kwa bahati mbaya. Rafiki alinialika, nikaenda mara mbili, mara ya tatu nikakosa, katibu akanipigia akasema "usijali, wiki hii utafanya mekapu." Nikaenda dukani nikanunua lipstiki. Nadhani unaona inakoenda hii stori. Mekapu kwao maana yake ukikosa mkutano wa klabu yako unahudhuria wa klabu nyingine kufidia, mimi nimefika klabu ya watu huko Ntinda nimepakwa kama bibi harusi, watu wazima wametoka kazini na mafaili yao. Hakuna aliyecheka, au walicheka nikiwa nimeondoka.

Mradi wangu wa kwanza ulikuwa tanki. Shule moja ya msingi, siitaji, watoto 600 na kitu, maji wanateka kwenye kisima cha bondeni ambacho ng'ombe pia wanakunywa. Tukachanga, tukauza tiketi za nyama choma, tukaosha magari Jumamosi tatu mfululizo mpaka mgongo ukakataa, tukanunua tanki la lita 10,000 na mifereji ya kuvuna maji ya mvua. Siku ya kukabidhi kulikuwa na hema, spika, watoto wakaimba, tukakata utepe, tukapiga picha kila mtu ameshika bomba kama ameligundua yeye. Mi nilirudi nyumbani nikalala nikijiona mtu.

Miezi minne baadaye nikapita pale nikielekea msibani. Tanki lipo, limefungwa kufuli kwenye bomba, na watoto wanapanda kutoka bondeni na madumu kama kawaida. Nikamfuata mwalimu mkuu nikiwa nimevimba kabisa, nimeshaandaa hotuba kichwani. Akanikaribisha, akanipa kiti, akachukua chaki, akaandika ubaoni: 600, mara lita mbili, 1,200. Elfu kumi gawa kwa hiyo. "Siku nane, mwanangu. Mvua ikikatika siku nane tanki limekwisha. Sasa hayo ninayofungia ni ya kupikia uji wa watoto wadogo na ya kunawa wakitoka chooni." Halafu akaongeza kitu ambacho sijakisahau: "Mngeniuliza, ningewaambia mnitengenezee kile kisima. Kinahitaji saruji na uzio, ng'ombe wasiingie. Bei yake haifiki nusu ya lile tanki."

Nusu ya bei! Na Jumamosi tatu za kuosha magari.

Nikapeleka hiyo habari klabuni Jumanne iliyofuata, ikawa kimya cha ajabu, mtu mmoja akasema lakini tanki linaonekana vizuri na nembo yetu iko pale. Ni kweli, nembo iko pale. Rotary wana maswali manne wanayasoma kila mkutano, yaliandikwa na Mmarekani mmoja Herbert Taylor 1932 wakati kampuni yake ilikuwa karibu kufilisika, je ni kweli, je ni haki kwa wote wanaohusika, na mengine mawili ya urafiki na faida kwa wote, tunayasoma kwa sauti kama watoto wa chekechea. Jioni hiyo yaliposomwa nikasikia kama ni mimi nimeitwa ubaoni. Kisima tulikitengeneza mwaka uliofuata, bila hema bila spika, watu sita na fundi mmoja na mifuko ya saruji, na picha iliyopo ni moja tu ambayo mimi nimekata kichwa cha fundi.

Sasa jambo la Kiswahili. Kama unasoma hii ukiwa Tanga au Mombasa huwezi kuelewa mpaka nikueleze, huku kwetu Kiswahili kina historia yake. Watu walikisikia kwa askari, na usiku kwa wezi, kwa hiyo ukikiongea kwenye teksi bado kuna mama anavuta mkoba wake karibu. Sisi Wanubi wa Bombo, kizazi cha askari waliotoka Sudan zamani, tumekua nacho nyumbani pamoja na Kinubi, babu yangu alikuwa mtu wa kambi ya jeshi, Kiswahili chake kilikuwa cha amri, leta, weka, hapana cheza hapa. Shuleni nilikificha kama mtu anavyoficha soksi iliyotoboka. Baraza la mawaziri lilipopitisha kifundishwe shuleni kwa lazima, Julai 2022, klabu wakaniteua ghafla kuwa mwalimu wao, darasa likafa wiki ya tatu tukiwa kwenye ngeli ya ki-vi.

Lakini kabla ya hapo kilikuwa kimeshaniokoa Kisenyi, mtaa mmoja wa Kampala. Unajua Afrika ilitangazwa kuwa imemaliza polio ya asili Agosti 2020, na Rotary wanaisukuma hiyo kazi tangu 1985, kwa hiyo klabuni tulikuwa tumeshasherehekea na keki tumekula. Halafu 2021 virusi vikaonekana kwenye majitaka ya Kampala, sio ile ya asili, ni ile inayotokana na virusi dhaifu vya kwenye matone yenyewe ya chanjo, vikizunguka muda mrefu mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa vinabadilika na kupata nguvu. Basi Januari 2022 ikawa kuchanja nyumba kwa nyumba, kila mtoto chini ya miaka mitano. Mimi nikapangwa Kisenyi kumsaidia mama mmoja wa timu ya afya ya kijiji, mama mchapakazi huyo, anabeba boksi lake la baridi begani kama mkoba wa harusini, ila anaongea Luganda tu na mlango wa tatu tulikutana na dada Msomali aliyefungua geti inchi moja.

Tukasukumana kwa lugha za mikono kidogo, geti likafungwa. Nikagonga tena nikasema hodi, samahani dada. Geti likafunguka inchi mbili. Wengi wao pale wamepitia Nairobi, Eastleigh kule, Kiswahili chao kinateleza kuliko changu. Akaniuliza maswali hata nikajuta kugonga: mtoto alishachanjwa Kenya, kwa nini mnarudia, hii ndo ile ya korona mnaificha kwa watoto, nani amewatuma, mbona mnaandika kwa chaki ukutani kwangu? Nikamjibu moja moja, la chaki nikamwambia ni alama tu ya kuonyesha nyumba tumepita wasije wengine wakusumbue, la majitaka nikamweleza kama nilivyowaeleza nyinyi hapa. Ilichukua kama dakika ishirini, mama wa timu ya afya ameshakaa kwenye ngazi anajipepea. Mwishowe yule dada akasema, "Sasa mbona hamkusema hivyo tangu mwanzo?" akaingia ndani akatoka na watoto wanne, wawili wake, wawili wa jirani. Matone mawili mdomoni, wino kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto, yule mdogo akaulamba wino tukapaka tena.

Baada ya hapo nikawa mtu wa Kiswahili wa klabu, na ndo nilivyofika Tanzania.

Kwa miaka kadhaa Uganda na Tanzania zilikuwa distrikti moja ya Rotary, 9211, watu wamezoeana, wanaalikana. Klabu moja ya upande wa Bukoba ikatuandikia kwamba Novemba wana kambi ya macho vijijini na wanahitaji mikono. Kila mtu alijilipia nauli. Nasema hivyo kwa sababu shangazi yangu anaamini nilipewa posho ya dola, shangazi kama unasoma, nilikopa.

Tulikuwa saba kwenye gari la kukodi, tukapita mstari wa ikweta Kayabwe bila kusimama, wenye gari wanajua huwezi kusimama ikweta ukafika mahali mapema, ila Lukaya tulisimama, nani anapita Lukaya bila kuku wa kijiti na gonja, zile ndizi za kuchoma. Mutukula, mpakani, mmoja wetu akatoa kitambulisho cha taifa kwa kujiamini kabisa kama anavyofanya akienda Kenya. Tanzania hawakukipokea hicho. Akarudishwa upande wetu kutafuta pasi ya muda, kadi ya homa ya manjano nayo akawa ameiacha nyumbani kwenye droo, masaa mawili tumekaa juani tukila gonja baridi. Simtaji, anajijua, faini yake sajenti alishaipanga kabla hatujavuka.

Kosa langu mimi lilikuja dakika kumi tu baada ya kufika. Mzee mwenyeji ametoka kutupokea, mimi mkalimani, nimejipanga, nikampa mkono nikasema "Habari ya leo, mzee!" Watoto waliokuwa karibu wakatazamana. Dada mmoja wa klabu yao akanivuta pembeni akaninong'oneza, "Huku mtu mzima unamwamkia shikamoo, mpenzi." Basi siku tatu nilisema shikamoo kwa kila kitu kinachopumua, mpaka kwa kijana mmoja aliyenizidi labda miaka miwili, akakasirika.

Halafu kulipokucha kambi ikaanza, kijiji kimoja upande wa Missenyi, si mbali na Kyaka, foleni imeshazunguka mti wa mwembe tangu alfajiri. Nikapewa meza ya kwanza, kuandikisha na kuuliza shida. Daktari akanipitishia karatasi ya bibi mmoja akasema, "Huyu ana mtoto wa jicho, mpeleke meza ya tatu." Nikamshika bibi mkono, nikatazama nyuma yake, nikauliza, "Mtoto mwenyewe yuko wapi?" Daktari akavua miwani. Manesi wakaegemea ukuta. Kumbe mtoto wa jicho ndo ule ukungu wa kwenye lenzi ya jicho, nyuma ya mboni, unaotolewa kwa upasuaji, mimi babu yangu hakuwahi kunifundisha hilo, kambini nadhani walisema tu jicho mbovu.

Na zaidi ya hapo, wale bibi wazee wengi hawakutaka Kiswahili changu wala cha daktari. Ni Kihaya. Nimekaa pale na ukalimani wangu wote kama sufuria bila kifuniko, ndipo mwenzetu mmoja tunayemwita Mbarara, ambaye njia nzima alikuwa analalamika kuwa yeye Kiswahili hajui hata kidogo sijui mmenileta wa nini, akapita amebeba boksi la miwani akamsalimia bibi kwa Kinyankole chake, "Oraire gye?" Bibi akageuka kama ameitwa na mwanawe. Lugha zao ni kama dada na dada. Kuanzia hapo Mbarara akawa daktari, mchungaji, mjukuu, analetewa ndizi, mimi nikahamishiwa kwenye boksi la miwani.

Boksi la miwani ndo sehemu nzuri, kumbe. Ni miwani ya kusomea, imepangwa kwa namba, moja, moja na nusu, mpaka tatu na nusu. Unamkalisha mtu, unampa sindano na uzi, unampa pakacha la maharage achambue. Anajaribu moja, hapana, anajaribu mbili, anakunja uso, ukifika mbili na nusu unaona mabega yanashuka. Bibi mmoja aliingiza uzi mara ya kwanza tu, akautoa, akauingiza tena, akautoa, akanitazama usoni akasema kitu, Mbarara akaangua kicheko akakataa kunitafsiria mpaka jioni. Alisema: "Kumbe ni mtu mzima, nilidhani ni kasichana."

Jioni ya siku ya pili akaja mzee peke yake, kofia ya kufuma, fimbo, Kiswahili chake kizuri, kile cha redio. Shikamoo, marahaba. Nikamwekea moja na nusu, akasoma kipande cha gazeti, hapana. Mbili. Akiwa anajaribu akauliza, "Nyie ndo Waganda?" Nikasema ndiyo mzee. Akasema, bila kuinua macho kwenye gazeti, "Mara ya mwisho mmekuja wengi hivi ilikuwa 1978. Hamkuuliza nani haoni vizuri."

Niliishiwa maneno. Hapo ni Kyaka, daraja la hapo kwenye mto Kagera ndo lililolipuliwa vita ile ya Uganda na Tanzania, jeshi la Idi Amin, rais wetu wa wakati huo, liliingia na kufagia kila kitu, ng'ombe, mabati, watu wakakimbia na walichovaa. Nilisoma hayo shuleni, kurasa mbili. Akabadilisha miwani, akachukua mbili na nusu mwenyewe kwenye boksi.

"Kiswahili umejifunzia wapi, binti?"

Ningeweza kusema shuleni. "Kwa babu."

"Babu yako alikuwa nani?"

"Askari."

Akasoma mstari mmoja mzima wa gazeti, kwa sauti, ilikuwa bei ya kahawa. Mimi nimeshika lile boksi kama litaanguka.

"Alirudi nyumbani?"

"Alirudi mzee."

"Vizuri," akasema. Halafu akasema hizi za mbili na nusu zinambana masikioni, hakuna pana zaidi? Nikampekulia boksi zima. Zilipatikana nyeusi, fremu nzito, akazivaa akaonekana kama jaji, akanishukuru akaondoka, na kabla hajafika kwenye mwembe akarudi akanipa kavera, mfuko wa plastiki, ya senene waliokaangwa, akasema mpelekee mama yako, Bombo mnakula senene? Nikamwambia kwa Waganda wa Masaka ni kama nyama ya sikukuu. Akasema basi hamjapotea kabisa.

Babu yangu hakuwahi kusimulia alikuwa wapi mwaka ule. Alikufa nikiwa darasa la sita, na hata angekuwepo sijui ningeanzaje kuuliza. Mama nilimpa senene, nikamwambia zimetoka kwa mzee mmoja wa Kyaka, akaacha kutafuna kidogo akanitazama, halafu akasema zimekaangwa vizuri, wameweka kitunguu.

Kuhusu ile kambi kwa ujumla, sitaki kuipamba. Miwani ya namba kubwa iliisha siku ya kwanza mchana kwa sababu tulikisia tu namba badala ya kuuliza kliniki ya pale watu wao wana umri gani. Tanki lingine hilo. Waliokutwa na mtoto wa jicho waliandikiwa wapelekwe hospitali, na sehemu ya nauli zao ndo tunaichangia sasa hivi, kila Jumanne kikapu kinapita mara mbili, sajenti amekuwa mkali hata kupiga chafya anakutoza.

Wiki iliyopita nikapokea ujumbe wa sauti WhatsApp, namba ya +255, kijana anajitambulisha ni mjukuu wa mzee wa kofia, babu amenituma. Nyuma yake unamsikia mzee mwenyewe anamwelekeza cha kusema. Ile miwani nyeusi mbuzi ameikanyaga, mguu wa kulia umevunjika, ameufunga kwa uzi lakini ikiwa puani inainama upande, anauliza kama ipo nyingine ya aina ile ile, pana, mbili na nusu, sio ile ya kubana.

Ipo, nimeipata jana kwenye mtaa wa nyuma ya Soko la Owino, nimeijaribu mwenyewe nikapata kizunguzungu, kwa hiyo ni yenyewe. Kama kuna mtu anapita Mutukula kabla ya Ijumaa anistue, ni kimfuko kidogo tu, haina uzito.